Pumu na mazoezi Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na wazazi, wachezaji wa mchangani na watu wa joging wenye pumu huku kusini. Majibu hayachukui nafasi ya mtaalamu aliyekupima kifua na kukuandikia dawa. Kama kuna mtu amebanwa sasa hivi, shuka moja kwa moja kwenye swali la kubanwa uwanjani, haya mengine utayasoma baadaye.

Mwenye pumu afanye mazoezi au apumzike?

Afanye. Mtoto akishaitwa "mgonjwa wa kifua" huachwa kwenye mpira, huachwa kwenye ngoma, hata maji kisimani anatumwa mdogo wake, na nyumba nzima inaamini inamwonea huruma. Matokeo yake misuli inalegea, uzito unaongezeka, na siku akilazimika kukimbilia basi stendi anatweta kuliko ilivyostahili. Mwili uliozoea mazoezi hauhitaji kuhema sana kwa kazi ileile, kwa hiyo kifua kinachelewa kuchokozeka. Pumu haiponi kwa kukimbia, lakini mwenye nayo anapata uwezo zaidi wa kuishi nayo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate dakika 60 kila siku. Hakuna punguzo kwa sababu ya pumu iliyotulia. Paula Radcliffe wa Uingereza aligundulika kuwa na pumu akiwa binti wa miaka 14. Mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, rekodi ya dunia ya wanawake iliyokaa mpaka 2019 alipoivunja Brigid Kosgei wa Kenya.

Mbona nikitembea niko sawa, nikikimbia tu kifua kinabana?

Ukiwa umetulia unapumua kwa pua, na pua inaipasha hewa joto, inaitia unyevu na kuichuja vumbi. Ukianza kukimbia unafungua mdomo. Hewa nyingi inapita kwa kasi bila kuandaliwa, na utando wa ndani ya njia za hewa unakauka na kupoa. Kwa mwenye pumu, chembe zilizo kwenye utando huo zinamwaga kemikali, misuli inayozunguka njia za hewa inajikaza, utando unavimba na makohozi yanaongezeka. Njia inakuwa kama mrija wa soda uliobinywa katikati. Kutoa pumzi ndiko kunakosumbua zaidi, na ndiyo maana mluzi unasikika hasa wakati wa kuitoa.

Jambo linalowachanganya wengi ni muda. Kubanwa huku mara nyingi hufikia kilele dakika 5 hadi 15 baada ya kuacha kukimbia, kisha kunaachia polepole ndani ya nusu saa au saa moja. Kijana anacheza kipindi cha kwanza vizuri tu, anaanza kukohoa akiwa amekaa mapumziko, na wenzake wanasema anatega.

Hewa ya pwani yetu ina unyevu, na hilo linasaidia. Mtu aliyezoea kukimbia ufukweni Shangani, Mtwara mjini, bila tatizo anaweza kushangaa akienda kwa ndugu zake Newala mwezi wa saba, ambako alfajiri kuna baridi na upepo wa juu kule kwenye mwinuko wa Makonde. Mapafu ni yaleyale, hewa ndiyo imebadilika.

Nitajuaje kwamba ni pumu, si kwamba sina mazoezi tu?

Asiye na mazoezi anahema sana akiwa anakimbia, akisimama anapata nafuu dakika chache baadaye. Mwenye pumu mara nyingi anazidiwa baada ya kusimama: kikohozi kikavu, kifua kubana, mluzi. Na wengi wana historia nyingine, kama kukohoa usiku wa manane, mafua yasiyokatika, ukurutu utotoni, au mzazi mwenye pumu.

Lakini usijipime mwenyewe ukamaliza. Kikohozi kilichozidi wiki 2, homa za jioni, kutoka jasho usiku au kukonda ni sababu ya kwenda kupima kifua kikuu, na kipimo hicho ni bure. Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio ovyo au kuzimia wakati wa mazoezi yanahitaji moyo uangaliwe. Hayo usiyatibu kwa inhela, ile dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo, uliyoazima kwa jirani.

Pumu yangu imetulia kiasi cha kuanza mazoezi?

Angalia wiki 4 zilizopita. Je, dalili za mchana zimekuja zaidi ya mara 2 kwa wiki? Umewahi kuamka usiku kwa sababu ya kifua? Umetumia inhela ya kutuliza zaidi ya mara 2 kwa wiki, ukiacha ile unayovuta kujiandaa na mazoezi? Kuna kazi umeshindwa kwa sababu ya pumzi? Majibu yote yakiwa hapana, anza. Ukiwa na ndiyo moja au mbili, kutembea kwa mwendo wa kawaida ni sawa, ila kabla ya kuongeza kasi rudi kwa mtaalamu mpange dawa upya. Ndiyo zikiwa tatu au nne, pumu haijadhibitiwa na viatu vya kukimbilia visubiri.

Wengi wanaobanwa kila wakicheza nimekuta hawana dawa ya kinga, wana inhela ya bluu ya kutuliza peke yake.

Inhela ya bluu na ile nyingine zinatofautianaje?

Ya bluu kwa kawaida ni salbutamol. Inalegeza misuli iliyojikaza ndani ya dakika chache na nguvu yake inaisha baada ya saa 4 hadi 6. Haigusi uvimbe ulio ndani. Dawa ya kinga ina steroidi ya kuvuta, kama beclometasone au budesonide, na kazi yake ni kupunguza uvimbe siku hadi siku. Hutasikia chochote siku ya kwanza, na hapo ndipo watu wanapoiacha wakisema haifanyi kazi. Ipe wiki kadhaa.

Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa tiba ya pumu, GINA, haushauri tena watu wazima na vijana kutibiwa kwa salbutamol peke yake, kwa sababu kifua kinatulizwa juu juu huku uvimbe ukiendelea, na siku moja shambulio kubwa linakuja. Ipo pia inhela moja yenye steroidi pamoja na formoterol (dawa ya kulegeza njia za hewa), ambayo inaweza kutumika kama kinga, kama tulizo, na kabla ya mazoezi. Muulize daktari kama inapatikana unapotibiwa na kama inakufaa.

Suuza mdomo na uteme maji kila baada ya kuvuta dawa ya kinga, usije ukapata utando mweupe mdomoni.

Nivute inhela kabla ya kukimbia?

Kama daktari amekuagiza, ndiyo. Kawaida ni mipulizo 2 ya salbutamol dakika 10 hadi 15 kabla ya kuanza. Usivute ukiwa tayari unaingia uwanjani, haijapata muda wa kufanya kazi.

Ila mtu anayehitaji kuvuta kila siku ili aweze kukimbia ana jambo la kurekebisha. Salbutamol ikitumika kila siku, kinga yake dhidi ya mazoezi hupungua, na hata kifua kikibana inachelewa kukifungua. Mwenye kutumia dawa ya kinga vizuri mara nyingi hujikuta haihitaji ile ya bluu kabla ya mazoezi mepesi.

Kupasha mwili kunasaidia kweli au ni desturi tu ya makocha?

Kunasaidia. Dakika 10 hadi 15 za kutembea haraka, kukimbia polepole, kisha mbio fupi fupi zenye kupumzika katikati. Baadhi ya wenye pumu wakishapitia hatua hiyo, kifua chao hukaa saa moja hadi tatu kikiwa kigumu kuchokozeka, na mechi inachezwa humo. Si wote wanaopata nafuu hii, jaribu uone wewe uko upande gani. Mwisho wa mazoezi usikae chini ghafla, tembea mpaka pumzi irudi.

Saa ngapi ni nzuri kukimbia huku kwetu?

Kila mtu atakuambia alfajiri. Huku kwenye mikorosho jibu hilo lina kasoro.

Kuanzia mwezi wa tano au wa sita hivi hadi wa tisa, mikorosho inatoa majani mapya na maua, na wakulima wanapuliza salfa kupambana na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, wakati upepo umetulia na majani yana umande, ili unga ushike. Mtu wa joging wa Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea au Ruangwa anatoka saa kumi na moja alfajiri kufuata hewa safi, anakutana na wingu la njano limetanda barabarani kwa sababu hakuna upepo wa kulisukuma. Asiye na pumu atapikicha macho na kukohoa. Mwenye pumu, tena anayehema kwa mdomo, anaweza kumaliza siku hiyo zahanati.

Kwa hiyo miezi hiyo, ukiwa kijijini, hamishia mazoezi jioni, kuanzia saa kumi na moja hivi jua likipungua makali. Uliza majirani nani anapuliza kesho. Huku watu wanaambizana. Kama ni lazima utoke asubuhi, subiri jua lipande na upepo uanze, halafu kaa upande upepo unakotoka. Kusi inavuma kutoka kusini-mashariki, basi shamba linalopulizwa lisikae kati yako na huko. Kitambaa usoni kinazuia kidogo sana, na kukimbia umejifunga mdomo kunakuongezea shida ya pumzi.

Na kama shamba ni lako, mtu mwingine abebe mashine. Kutembea ekari kadhaa na mashine mgongoni, injini inanguruma, unga unakurudia usoni, hayo ni mazoezi mazito katikati ya kichokozi chenyewe. Najua kibarua ni pesa. Lakini inhela, nauli na siku za kulala nazo ni pesa.

Mjini Mtwara na Lindi alfajiri ni nzuri zaidi, kabla wafagiaji hawajaanza na kabla majani yaliyofagiwa hayajachomwa. Ufukweni ndiko bora. Epuka kando ya barabara kuu yanakopita malori ya makaa ya mawe na saruji, na epuka saa ambazo kila uwanja una jiko la mkaa linalowashwa.

Msimu wa kuvuna korosho nao una shida?

Kuvuna kwenyewe si sana. Shida ni moshi wa kukaanga. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayowasha, na yakiungua moshi wake unashika koo hata la mtu mzima wa afya. Pale wanapokaangia kwenye mapipa au makarai kando ya barabara, pita mbali au badilisha njia. Kama kazi yako ni hiyo, kaa upande upepo unakotoka na usichanganye siku ya kukaanga na mechi ya jioni.

Mwanangu ana pumu na shuleni kuna mchakamchaka. Niombe asamehewe?

Usiombe asamehewe moja kwa moja. Omba arekebishiwe. Mzazi mmoja alikuja na mwanawe wa darasa la tano, akaanza, "Shikamoo mwalimu, huyu naomba asikimbie kabisa, ana kifua." Mwalimu akamuuliza mtoto mwenyewe anabanwa wapi. Mtoto akasema kwenye kukimbia habanwi, anabanwa wakati wa kufagia uwanja. Walimwondoa kwenye ufagio, akapewa kumwagilia maua, na mchakamchaka akaendelea nao.

Ufagio wa njiti kwenye uwanja mkavu wa mchanga unarusha vumbi jingi, na wanafunzi hufagia kabla tu au baada tu ya kukimbia. Shule ikinyunyiza maji kabla ya kufagia, na mchakamchaka ukipita njia isiyofagiliwa, nusu ya tatizo imeondoka bila gharama.

Mwalimu wa darasa na wa michezo wapewe karatasi yenye jina la dawa, idadi ya mipulizo na namba ya simu ya mzazi. Inhela ikae na mtoto, au kwa mwalimu aliyepo uwanjani. Kuifungia kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu ni sawa na kuiacha nyumbani. Mtoto aruhusiwe kukimbia nyuma, kutembea akichoka, na kusimama bila kuchapwa wala kuchekwa. Mtoto anayeogopa kuchapwa huficha dalili, na hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko mbio zenyewe.

Asubuhi aliyoamka na mluzi, au akiwa na mafua mazito, asikimbie.

Michezo ipi inamfaa mwenye pumu?

Ile anayoipenda, kwa sababu ndiyo atakayoendelea nayo. Ukitaka ushauri: michezo yenye nguvu za muda mfupi na mapumziko, kama voliboli, mpira wa wavu wa ufukweni au mazoezi ya viungo, huchokoza kifua kidogo kuliko mbio ndefu zisizo na kituo. Mpira wa miguu na netiboli viko katikati. Kutembea haraka na baiskeli ni mwanzo mzuri kwa mtu mzima aliyekaa muda mrefu bila mazoezi.

Ngoma ni mazoezi pia. Sindimba ikichezwa sawasawa inatoa jasho kuliko joging, na inachezwa usiku, kwenye mchanga, watu wakitimua vumbi. Wamwagie uwanja maji kabla. Mwenye pumu acheze mizunguko mifupi, atoke, arudi, na inhela iwe kwenye pindo la kanga au mfukoni, si kwenye begi lililobaki ndani.

Jembe nalo tulihesabu. Anayelima toka asubuhi hana haja ya kujilaumu kwamba hafanyi mazoezi.

Na kuogelea baharini?

Kuogelea kunafaa sana, maana hewa ya juu ya maji ina unyevu. Tahadhari ni moja: kifua kikibana ukiwa kina kirefu huna pa kukaa. Ogelea sambamba na ufuko, maji ya kifuani, na mtu anayejua hali yako, inhela ikiwa ufukweni kwenye mfuko usioingia maji.

Kuzamia ni habari nyingine. Anayezamia na mtungi, kama wageni wanaofuata matumbawe ya Ghuba ya Mnazi, akibanwa chini hewa inanaswa mapafuni, na anapopanda hewa hiyo inatanuka na inaweza kupasua pafu. Usizamie bila kupimwa na daktari. Vijana wanaozamia pweza kwa kubana pumzi nao, wenye pumu wabaki maji mafupi wakati wa bamvua.

Sina uwezo wa kununua spesa. Nifanyeje?

Spesa ni chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo, dawa inatulia humo kisha unaivuta bila haraka. Bila spesa dawa nyingi inagonga kooni na kubaki hapo, hasa kwa mtoto. Chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita inaweza kuifanya kazi hiyo. Utafiti wa Heather Zar na wenzake Afrika Kusini, uliochapishwa 1999, ulionyesha kwamba kwa watoto waliobanwa, chupa ya nusu lita iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani.

Chukua chupa safi na kavu, ambayo haijawahi kuwekwa mafuta ya taa wala dawa ya shambani. Kunja waya mgumu kwa umbo la mdomo wa inhela, ule duara uliobonyea. Upashe moto kwenye mkaa, ubonyeze kwenye kitako cha chupa mpaka ukate. Fanya hivyo nje, ule moshi wa plastiki si wa kuvuta. Inhela iingie kwa kubana, usiweze kuitikisa; pakiwa na mwanya zungushia plasta. Futa kingo zisikwaruze. Osha kwa maji na sabuni kidogo, iache ikauke yenyewe bila kufuta ndani kwa kitambaa, kwa sababu plastiki iliyosuguliwa inavutia dawa kwenye kuta zake.

Tikisa inhela, ichomeke kitakoni, mtoto afunge midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara 1, avute pumzi 4 hadi 6 za kawaida. Tikisa tena kabla ya mpulizo unaofuata. Usibonyeze miwili kwa pamoja. Mtoto mdogo asiyeweza kushika chupa kwa midomo anahitaji kibarakoa chake, ulizia kituoni.

Mtu amebanwa uwanjani. Tufanye nini, kwa mpangilio?

Aache mchezo. Akae wima, ameinama mbele kidogo, mikono juu ya magoti. Msimlaze chali, msimmwagie maji, msimzunguke. Mmoja akae naye na aongee kwa utulivu.

Salbutamol (inhela ya bluu) mpulizo 1 kwenye spesa au chupa ya plastiki iliyotengenezwa kama spesa, avute pumzi 4. Rudia mpaka ifike mipulizo 4. Subiri dakika 4. Kama hajapata nafuu, mipulizo 4 mingine kwa mtindo uleule, na hapo mtu mwingine awe ameshatafuta usafiri. Njiani endeleeni hivyohivyo, mipulizo 4 kila baada ya dakika 4, mpaka mfike. Dozi hiyo kwa dharura inaruhusiwa. Mkono kutetemeka na moyo kwenda mbio ni kawaida na hupita.

Msisubiri hata hizo dakika 4 kabla ya kutafuta gari kama hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, kama ngozi kati ya mbavu au juu ya mfupa wa kifua inaingia ndani, kama midomo au kucha zimegeuka rangi ya kijivu au bluu, au kama anasinzia na kuchanganyikiwa. Na mluzi ukinyamaza ghafla huku bado anahangaika, hiyo si nafuu. Hewa haipiti tena.

Kwa bodaboda, mgonjwa akae katikati, wima, na mtu nyuma yake wa kumshika na kumpulizia. Nendeni kituo kilicho karibu kinachofunguliwa saa hiyo, hata kama ni kidogo. Wao ndio watakaompa oksijeni kama wanayo na kumpeleka hospitali kubwa: Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao, Mkomaindo au Hospitali ya Kanda pale Mitengo.

Aliyepata nafuu asirudi uwanjani siku hiyo. Akapimwe kesho yake.

Baada ya mechi magoti yanauma. Dawa gani ya maumivu ni salama?

Parasetamoli kwa wengi. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huamsha pumu kwa baadhi ya watu, na shambulio lake linaweza kuwa kali. Ukiwa umeshawahi kuzitumia bila kubanwa, si tatizo kubwa. Ukiwa hujui, usijaribu usiku peke yako. Duka la dawa useme "nina pumu" kabla ya kutaja maumivu, sindano ya diklofenaki isije ikawa ndiyo majibu ya kwanza.

Watu wanasema inhela inazoesha mwili na ni hatua ya mwisho ya ugonjwa.

Si kweli. Linganisha na vidonge: vidonge vya salbutamol vinapita tumboni na kwenye damu kabla ya kufika kifuani, kwa hiyo dozi yake ni kubwa mara nyingi zaidi, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka. Inhela inapeleka kiasi kidogo mahali panapohitajika. Ndiyo hatua ya kwanza ya matibabu, hata kwa mtoto. Mtu anayeonekana "amezoea" ya bluu kawaida ni yule asiye na dawa ya kinga.

Kujifukiza kunafungua kifua?

Mvuke wa maji unaweza kulegeza mafua. Pumu haifunguki kwa mvuke, na watoto wanaungua kwa maji ya sufuria. Moshi wa majani yaliyochomwa ndio usikaribie kabisa.

Ramadhani nifanye mazoezi saa ngapi, na inhela inafunguza?

Dawa ya kinga ya mara 2 kwa siku inaingia vizuri wakati wa futari na wakati wa daku, na kwa wengi hapo hakuna kilichobadilika. Mazoezi yafanye usiku baada ya kufuturu na kupumzika, wengine huchagua baada ya tarawehe, au mepesi muda mfupi kabla ya magharibi. Usikimbie mchana wa jua ukiwa hujanywa maji.

Kuhusu inhela mchana wa saumu, masheikh wamehitilafiana: wapo wanaosema haifunguzi kwa kuwa si chakula wala kinywaji, na wapo wanaosema inafunguza na siku hiyo inalipwa. Muulize sheikh wako kabla ya mwezi kuandama, usisubiri kifua kibane. Kwa upande wa tiba hakuna ubishi: aliyebanwa avute.

Mjamzito mwenye pumu?

Atembee, aendelee na mazoezi mepesi na asiache dawa ya kinga. Pumu isiyodhibitiwa ni hatari zaidi kwa mtoto kuliko inhela. Kliniki waambiwe tangu hudhurio la kwanza.

Nacheza ligi. Inhela si dawa ya kuongeza nguvu iliyokatazwa?

Salbutamol ya kuvuta inaruhusiwa na shirika la kimataifa la kupambana na dawa hizo, WADA, mradi usizidishe mikrogramu 1,600 kwa saa 24, na zisizidi 600 ndani ya saa 8. Mpulizo 1 wa kawaida ni mikrogramu 100, kwa hiyo mipulizo 2 kabla ya mechi iko mbali na mpaka huo. Steroidi za kuvuta kwa dozi ya kawaida hazina shida. Vidonge vya salbutamol vinakatazwa wakati wote, na prednisolone, steroidi ya kumeza, inakatazwa kipindi cha mashindano, isipokuwa ukiwa na kibali cha matibabu. Ukiwa umetibiwa dharura kwa dawa hizo, mwambie daktari wa timu siku hiyohiyo na utunze karatasi za hospitali.

Nitajuaje inhela imekwisha, na niihifadhije kwenye joto letu?

Isikae juani, chini ya kiti cha pikipiki wala kwenye dashibodi. Nyingi zinatakiwa kuwa chini ya nyuzi 30. Uwanjani iweke kivulini, kwa mtu unayemjua kwa jina. Ikiwa haijatumika siku kadhaa, tikisa na upulize 1 au 2 hewani kwanza.

Kuidumbukiza kwenye maji uone kama inaelea hakuonyeshi kitu. Hata ikitoa ukungu haina maana dawa bado ipo, kwa sababu gesi inabaki dawa ikiwa imekwisha. Kama ina kihesabio, kisome. Kama haina, mikebe mingi ya salbutamol ina mipulizo 200: andika kwa kalamu ya wino juu ya plastiki tarehe uliyoifungua, piga hesabu ya matumizi yako, na ununue nyingine kabla hujafika 180.